Chonge Mbili za Cyubahiro

Simu ya Louisville ilipolia kwa mara ya tatu, Mukansanga alikuwa ameketi kando ya hita, macho wazi, akiota. Siku hizi ndoto zilimjia mchana. Tangu habari ya moto ilipofika, ukuta kati ya usingizi na kukesha ulikuwa umelegea, na mara nyingi, akiwa na kikombe cha chai mkononi, alijikuta kwenye nyasi ndefu za milima ya Kivu Kusini, ng'ombe wakipita mmoja mmoja ndani ya ukungu. Nyuma ya ng'ombe wa mwisho alikuja Cyubahiro, mtu mzima, amevaa koti lake la kazi la ghalani, midomo ameifumba. Akiitwa haitiki. Kisha theluji ya Buffalo inaanza kuwaangukia ng'ombe migongoni, nao hawaishangai.

"Mama." Vestine alikuwa ameiziba simu kwa kiganja. "Ni bale ba Louisville tena. Banasema ukikubali, nesi atakuja apa nyumbani. Ni pamba tu ndani ya shavu. Two minutes."

"Bambie hapana."

"Mama, please."

"Nimesema hapana, mwanangu."

Vestine akarudi kwenye simu na kuanza kulitafutia lile hapana nguo ya adabu. Alisema mama bado hajawa sawa, mama ni mzee, mama anaomba muda. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na tangu akiwa darasa la tatu kazi yake ilikuwa kuyabeba maneno ya mama yake kuyapeleka kwa watu wa ofisi na kurudi na ya kwao. Leo kwa mara ya kwanza alibeba neno asilolielewa.

Mambo yalikuwa hivi. Kaka yake, Cyubahiro, alihamia Columbus baada ya shule, akapata kazi kwenye ghala. Mwishoni mwa mwaka kampuni ikawapeleka vijana kadhaa Louisville kusaidia msimu wa vifurushi, naye akapanga chumba katika nyumba moja ya mbao ambayo mwenye nyumba aliigawa vyumba vyumba bila daftari la majina. Nyumba ikaungua. Ghorofani ulipatikana mwili mmoja, na moto haukuacha uso wala alama za vidole. Waliolala ghorofani walikuwa wawili, na wote wawili hawajaonekana tena: Cyubahiro, na mwenzake mmoja ambaye wapangaji walimjua kwa jina la utani tu. Ofisi ya uchunguzi wa vifo ilisema bila kuzunguka kwamba mwili ule una namba, na utabaki na namba mpaka upatikane ushahidi. Mate ya mama yangetosha.

Sasa mama gani anakataa kutoa mate?

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini msomaji hatutamficha. Mukansanga hakumzaa Cyubahiro. Mwaka ule wa kukimbia, wakishuka milimani na watu wa kijiji chao, walipita kwenye boma lililoachwa wazi, na mlangoni alikaa mtoto wa mwaka mmoja na kitu, peke yake, hata halii tena. Ufizi wake wa chini ulikuwa na vidonda viwili vinavyoanza kupona. Mukansanga alimfunga mgongoni akaendelea kutembea. Mumewe alimtazama, akamfuata. Walipofika kambini Burundi, mwandishi wa wakimbizi aliuliza kama huyu ni mtoto wao, na Mukansanga akajibu ndiyo. Ndiyo ile ikaandikwa kwenye fomu ya kwanza, ikahamia kwenye ya pili, ikapanda ndege. Miaka mitatu baada ya kufika kambini akazaliwa Vestine. Mume akafa kambini kwa malaria. Wenzao wa safari ile wengine waliuawa, wengine walitawanyika, na kwa kadiri alivyojua Mukansanga, duniani walibaki wawili wanaolijua jambo lile: yeye na Mungu.

Alikuwa akiijua vizuri pamba ya shavuni. Bahizire, mtu wa kuwajazia wenzake makaratasi pale East Side, aliwahi kuwasimulia habari za familia ambazo safari zao zilikatwa kwa sababu damu ya mtoto haikukubaliana na ya mama. Lakini hofu ya makaratasi haikuwa kubwa kuliko hofu nyingine. Mukansanga alijua kitakachotokea akitoa mate yake. Pamba itasema maiti huyu si mwana wa mama huyu. Wale watu wema wa Louisville watampigia Vestine na kumwambia shangilieni, kijana wenu siye. Kanisa litatoa shukrani, watapika, wataimba. Na Cyubahiro atalala kwenye droo ya chuma mpaka serikali imzike na namba yake, akiwa na mama aliye hai Buffalo.

Kwa hiyo alikaa kimya, na kimya kikamfanya aonekane mama mbaya.

*

Watu wa kanisa walikuja kila alasiri. Walivua viatu vyenye theluji mlangoni, wakakaa, wakatazamana. Kilio hakiwezi kuanza bila maiti, na maombi ya kumtafuta aliyepotea nayo yalikuwa magumu kuyaomba, maana kila mtu moyoni alikuwa ameshamzika. Wakaimba nyimbo za katikati, zisizo za msiba wala za furaha. Mchungaji Ezéchias alimweleza Mukansanga polepole kwamba serikali ya hapa haina nia mbaya, kwamba hata yeye aliwahi kutoa mate hospitalini na hakuna lililompata. Mukansanga alimshukuru, akaomba aachwe apumzike kidogo. Akafumba macho mbele ya wageni, jambo ambalo kwao ni karibu na tusi.

Akiwa amefumba macho alisikia sauti ya jikoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha vikombe alimwambia mwenzake kwamba mama anayekatalia mwanawe hata mate, huyo ana lake. Mwenzake akamjibu kwamba pengine mtoto ana bima ya kifo mahali fulani na mama anataka kuijua kwanza. Mukansanga aliyasikia yote. Yalimuuma hasa, yakamuuma zaidi kwa sababu wanawake wale alikuwa amewasaidia kuzaa. Baadaye alisimama akaenda jikoni, akachukua kitambaa, akakausha vikombe pamoja nao.

Hata dukani Grant Street, alipokwenda kununua unga wa muhogo, mazungumzo yalikatika alipoingia na kuanza tena alipotoka. Alitembea kurudi kituo cha basi kwenye theluji laini, na kwa hatua kadhaa hakujua kama yuko Buffalo au kwenye njia ya kushuka milimani. Mgongo wake ulihisi uzito wa mtoto. Alipeleka mkono nyuma kumpandisha, kama afanyavyo mama yeyote, akagusa koti.

*

Vestine alifanya kazi Lackawanna, katika nyumba ya kulelea wazee. Asubuhi moja mzee mmoja alimaka kwamba meno yaliyo kinywani mwake si yake. Nesi mkuu akayatoa yale meno ya bandia, akayageuza chini ya taa, akamwonyesha Vestine jina lililochorwa ndani kwa herufi ndogo sana. Kweli, yalikuwa ya mzee wa chumba cha jirani. Vestine alisimama na yale meno ndani ya glasi, akasahau kwamba kuna watu wawili wanasubiri kula. Alikumbuka kwamba mwaka jana Cyubahiro alisumbuliwa na gego kule Columbus, akapiga simu akisema ameenda kwa daktari Mkenya anayejua Kiswahili, na kwamba ndiyo mara ya kwanza Marekani kufungua mdomo wake bila kuona haya.

Wakati wa mapumziko alikaa kwenye ngazi na kupiga simu Columbus, zahanati moja baada ya nyingine. Ya nne ilikuwa na daktari aitwaye Nyaboke. Dada wa mapokezi, Natasha, alitafuta akasema hakuna mgonjwa huyo. Vestine akamwomba ajaribu kuyageuza majina, la ukoo mbele, maana kambini waliyaandika vyovyote. Natasha akajaribu. Kisha akasema wako wawili, na kwamba daktari atapiga mwenyewe; Vestine akampa namba ya mama.

*

Alipiga Jumamosi saa sita mchana. Vestine aliiweka simu juu ya meza, sauti imefunguliwa, na Mukansanga akabaki kwenye kiti chake karibu na hita. Jua la baridi lilikuwa limeingia dirishani na kulala zuliani, na mama alikuwa akilitazama kana kwamba lina jambo la kusema.

Daktari Nyaboke alitoa pole kwanza, pole ndefu ya nyumbani, halafu akaeleza. Alisema picha za eksirei za meno zinaweza kumtambulisha mtu vizuri kama alama za vidole, na meno hustahimili moto kuliko sehemu nyingine za mwili. Alisema bila kujificha kwamba yeye mwenyewe hakuwa akiliwazia hilo mpaka alipohudhuria semina ya siku moja. Madaktari wa meno wengi hulichukulia faili kuwa ni jambo la bima: ukishalipwa, umelisahau. Zahanati yake nayo ilikuwa imebadilisha programu ya kompyuta mwaka uliopita, na hapo ndipo lilipozaliwa tatizo.

"Nina wagonjwa wawili," alisema. "Majina yanafanana, wote wamezaliwa Januari moja, mwaka mmoja."

Vestine karibu acheke. Nusu ya kanisa lao walizaliwa Januari moja, kwa kuwa mwandishi wa kambi, asipopata tarehe, alitoa hiyo. Daktari akaendelea kwamba wakati wa kuhamisha data picha za watu hao wawili ziliingia kwenye folda moja, na fomu walizojaza bado ziko kwenye programu ya zamani, hajazifungua. Akituma Louisville picha ya mtu mwingine, watalinganisha, watasema siye, na faili litafungwa.

"So nahitaji kitu kimoja cha kunisaidia. Meno yake ya mbele chini, unayakumbuka?"

"Yes," Vestine alisema. "Alikuwa na pengo. Alianguka kambini akingali mudogo, akicheza mpira, akapiga meno ku jiwe. Mama ndiye alituambiaka."

Daktari alisikika akibofya. "Basi ni huyu. Kuna jino la chini limevunjika na mzizi umebaki ndani. Huyo mwingine anakosa chonge mbili, kulia na kushoto, lakini hakuna alama ya kuvunjika. Okay. Namtuma huyu wa jino lililovunjika, leo hii."

Mukansanga alisikia kila neno, na kila neno lilimfikia polepole, likipita kwenye jua lile la zuliani. Hadithi ya jiwe aliitunga yeye. Aliitunga siku Cyubahiro, akiwa na miaka kumi na miwili, alipomuuliza kwa nini wenzake wameota chonge naye hazioti. Ilikuwa hadithi nzuri, ikamtuliza mtoto, na sasa ilikuwa inakwenda kumzika mtoto yuleyule bila jina. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imemfikisha umri wa miaka sitini na minne, na imeishia hapa mezani.

Alisimama.

"Docteri," alisema, "usitume uyo."

"Mama?" Vestine aligeuka.

"Yake hayakuvunjika. Balimutoa angali wa kunyonya. Ibyinyo."

Daktari Nyaboke hakuhitaji kuelezwa. Hata kwao, alisema, wako wanaoamini kwamba meno yanayochungulia kwenye ufizi wa kichanga ni meno ya plastiki, kwamba ndiyo yanayoleta kuhara, na wanayachokoa mapema. Chipukizi la chonge hutoka nalo, na jino halioti tena maisha. Madaktari wa hapa huandika tu kwamba mtu alizaliwa bila jino hilo.

Lakini Vestine alikuwa amekunja uso. "Mama, wewe unakatalaka mambo ya ibyinyo. Ulisimamaka mbele ya bamama wote ba kanisa, ukasema ni zambi. Mimi sikutolewa. Donc nani alimutoa?"

Mukansanga aliishika meza.

"Mama yake," alisema.

Akaisimulia, kwa binti yake na kwa mtu asiyemjua aliye Columbus, habari aliyoibeba miaka ishirini na sita: boma lililo wazi, mtoto mlangoni, vidonda viwili, fomu. Hakulia. Alisimulia kwa sauti ya mtu anayeeleza ndoto kabla haijamtoka. Alisema zamani alimchukia yule mwanamke kwa vidonda vile, akajisemea ni mama gani anamtia mtoto wake chuma mdomoni.

"Leo niko ninamujua," alisema. "Alimutoa juu ya kumupenda. Aliogopa kuhara itamumaliza."

Vestine alikuwa amekaa chini, si kwenye kiti, zuliani. Ni daktari aliyesema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama, subiri kidogo. Huyu wa chonge nimemkumbuka sasa." Alibofya, akachelewa, akabofya tena, akaifungua ile programu ya zamani. "Mimi ndiye nilimwuliza kuhusu hizo chonge. Akaniomba nisiandike kwa karatasi ya bima. Nikaandika kwa notes zangu. Mama, mgonjwa akishaniambia kitu ni siri, lakini nadhani hii ni yako. Nisome?"

"Soma."

"Nimeandika hivi: chonge zilitolewa utotoni. Mgonjwa anasema mama aliyemlea hatoi watoto meno, kwa hiyo anajua kuna mama mwingine kabla yake. Anasema mama hajui kwamba anajua. Hataki ajue, asije akafikiri anapendwa kidogo."

Hita iligugumia, ikanyamaza.

"Halafu kwa fomu," daktari alisema, "mahali pa magonjwa ya ukoo amejaza, sijui. Na mahali pa mtu wa kupigiwa simu kukitokea jambo ameandika Mama, na hii namba niliyopiga leo."

Mukansanga alitaka kuuliza alijua tangu lini. Alitaka kuuliza kama alijua siku ile alipomnunulia yeye, mama yake, koti la baridi, au siku ile alipompigia akicheka kuhusu gego. Lakini hakuna daktari anayeandika mambo hayo. Furaha na uchungu vilimjia pamoja, asijue kipi akiachie kwanza, akashuka akakaa zuliani karibu na binti yake. Daktari aliaga taratibu, akasema picha zitafika Louisville kabla ya jioni.

Walikaa pale mpaka jua likaondoka zuliani.

"Na mimi je?" Vestine aliuliza mwishowe.

"Wewe nilikuzaa. Siku ya mvua. Mama Umurerwa ndiye alikukata kitovu, umuulize."

"Siwezi kuuliza mutu." Akaegemeza kichwa begani mwa mama yake. Alikuwa amekasirika bado, na hakukiondoa kichwa.

*

Louisville walipiga Jumanne. Ni yeye. Mtaalamu wa meno wa ofisi ile alikuwa amelinganisha gego lililozibwa, mizizi, na zile nafasi mbili za chonge, na hakubaki na shaka. Vestine alitafsiri, na kabla hajamaliza Mukansanga alikuwa ameshapiga ukunga uliowatoa majirani barazani. Jioni nyumba ilijaa. Nyimbo sasa zilijulikana ni zipi. Wanawake wa jikoni walipika, na yule wa maneno ya bima alimkumbatia Mukansanga kwa muda mrefu, akilia kwelikweli. Mukansanga alimwachia. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, lakini hakuna aliyeusema msemo huo siku ile, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba unahitajika.

Mwili ulipofika Buffalo, mama na binti walikwenda kwenye nyumba ya mazishi kuandikisha. Ndani ya gari Mukansanga alisema amewaza sana.

"Leo bakiuliza, sema yote. Nimechoka kudanganya. Kama ni kutunyang'anya makaratasi, batunyang'anye. Sitaki kumuibia yule mama mara ya pili."

Vestine aliendelea kuendesha. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka, na barabara za East Side zilikuwa nyeupe na tulivu, nyumba zikipita upande na upande.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyezoea watu waliofiwa. Aliandika jina la marehemu. Aliandika tarehe ya kuzaliwa, Januari moja. Aliuliza baba, Vestine akataja. Kisha akaweka kalamu kwenye mstari unaofuata, akaeleza kwamba hapa sheria inataka mama, na kwa upole akauliza kama bibi huyu ndiye mama aliyemzaa, au mlezi, au vipi.

Mukansanga hakuelewa maneno, lakini aliuelewa ukimya uliofuata. Alimtazama binti yake, akamtikisia kichwa: sema.

Vestine alimwangalia karani. Maneno ya mama yake yalikuwa tayari ulimini, yamepangwa vizuri, kama alivyoyapanga tangu darasa la tatu. Hakuyatoa. Alianza kutaja herufi, moja moja, karani akiandika: M, U, K, A, N.

"Ameuliza nini?" Mukansanga alisema.

"Ameuliza jina la mama yake."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Ngoja, Mama," Vestine alisema. "Bado sijamaliza kukuandikisha."